Betri ya Mchanga

Pale Yombo mpaka leo kuna watu wakikutana na mie asubuhi wananiamkia, "Shikamoo, marehemu." Naitikia marahaba na kupita zangu, maana nikisimama kueleza, vitumbua vinapoa. Lakini nimesikia wapo wanaosimulia kwamba nilimfanyia mtu unyama siku ya msiba wa baba yake mzazi. Basi na nieleze mwenyewe. Unyama ulianza kwake, mie nilimalizia tu.

Mie ni mpika vitumbua. Mzaramo, mjane, na magoti yangu yaligoma siku nyingi. Wateja wangu ni wafanyakazi wa kiwanda kimoja kule Chang'ombe, wale wanaoingia zamu ya asubuhi. Pale getini kila muuzaji ana nafasi yake, na hakuna aliyeandikiwa. Nafasi yako ni kule kuonekana kila siku. Ukikosa leo watu wanakuulizia, ukikosa tena wanakuulizia kwa shingo upande, halafu wanakula cha mwingine na habari yako imekwisha. Zamani nilikuwaga nafika king'ora kimeshalia, narudi na mzigo wangu, tunakula na majirani mpaka tunavichukia vitumbua. Bodaboda nazo zilikuwa zinanimalizia faida. Ndiyo maana nilipoipata baiskeli ya umeme, kwa pesa za zamu yangu ya kikoba, niliipenda kama mtoto niliyemzaa uzeeni.

Ilinitoa aibu ile baiskeli. Nafunga hotipoti nyuma, nawasha, inanipeleka na goti wala halina habari. Nikawa nafika getini kabla ya mtu yeyote, na vitumbua vikifunguliwa vinatoa moshi. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Betri iliyokuja nayo ilikuwa ndogo na imeanza kuchoka. Kwenda inanifikisha, kurudi inanizimikia njiani. Na wateja walikuwa wameongezeka, sasa wanataka na maharage ya nazi. Nikasema niweke betri kubwa, nibebe mzigo wa maana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, nikaenda kwa fundi.

Fundi mwenyewe hakuwa mtu baki. Kibanda chake kiko Tandika, lakini baba yake alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, mzee wa Kinyamwezi aliyehamia Yombo kabla hata barabara yetu haijawa barabara. Na sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wao enzi za mababu walishuka na mizigo kichwani mpaka pwani, wakatukuta sie, tukagombana, tukapatana, tukaachiana ruhusa ya kutukanana mpaka kiama bila mtu kununa. Yule mzee kila jioni alikuwa anapita barazani kwangu. Nampa shikamoo yake, halafu nampa matusi yake.

"Mtani," ananiambia, "leo vitumbua umetia sukari, au mmelala kama kawaida yenu?"

"Nenda zako, mpagazi wee. Hujamaliza kushusha mizigo ya watu, unataka vitumbua?"

Anacheka mpaka kikohozi kinamshika, anakaa, anakula, na hajawahi kuondoka bila kuniombea kwa Mungu wake. Nilimpenda yule mzee. Mnielewe hilo mapema.

Sasa mwanawe. Kijana mtu mzima, ana mke na watoto, ulimi wake umepakwa asali. Nilipomweleza shida yangu akaniambia, "Mama mtani, umekuja kwa mwenyewe. Hiyo ndogo tuitoe, nikuwekee kubwa, utakwenda Chang'ombe urudi, uende tena Mbagala kusalimia, na bado ipo." Akaingia ndani ya kibanda, akatoka na kitu cheusi kirefu, kinang'aa, kina ufunguo wake pembeni. Akaniwekea mikononi. Nusura kinidondoke.

"Umeona uzito huo?" akasema. "Betri feki ni nyepesi kama boksi la viatu. Betri ya kweli inajitambulisha yenyewe."

Na hapo ndipo aliponipatia. Maana sie ndivyo tulivyolelewa. Sufuria unalinyanyua kwanza, likiwa jepesi unalirudisha. Kitenge unakipima kiganjani. Nazi unaitikisa, papai unalibeba. Kitu kizito ndicho kitu. Mama yangu angefufuka pale Tandika na yeye angekibeba kile kidude, angeitikia kwa kichwa na kusema hii ndiyo yenyewe. Nikalipa. Ile betri yangu ndogo akabaki nayo, eti ni chakavu, ataniondolea uchafu. Nikamshukuru kwa kuniibia mara ya pili.

Siku za mwanzo nilijisifu jamani, mpaka nikikumbuka naona haya. Betri ilikuwa inajaa upesi sana. Naichomeka, naswali, nachambua mchele, nikigeuka taa ya kijani. Nikawa nawatambia wenzangu: "Kitu kipya kina wepesi wake, cha zamani kilikuwa kinanila umeme wa luku usiku kucha." Hakuna aliyeniambia kwamba chungu kinachojaa upesi ni chungu kidogo. Yule mzee peke yake ndiye aliyeiangalia baiskeli akauliza, "Amekufungia mwanangu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi mwombee," na mie nikacheka nikidhani ni utani wetu.

Haukupita muda ikaanza kunizimikia, na safari hii si wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda! Nina hotipoti nyuma, maharage kwenye ndoo, baiskeli nzito kuliko zamani kwa sababu ya lile libetri, na mimi na magoti yangu tunaisukuma. Nikifika, geti limefungwa. Nasikia mashine zinanguruma ndani, mlinzi ananiangalia kwa huruma. Kesho yake vilevile. Nikaenda kwa fundi, akaishikashika, akasema labda nachaji vibaya, niiache kwenye umeme zaidi. Nikaiacha zaidi. Wapi! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Asubuhi moja nilifika nikakuta kwenye nafasi yangu kuna dada mmoja amepanga bagia na chai ya tangawizi, na wateja wangu, wanangu wenyewe niliowajua kwa mafua na kwa harusi zao, wanatafuna bagia. Mmoja aliniona akaficha mkono nyuma, kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari. Yule dada sikumlaumu, naye anatafuta. Nikageuza baiskeli.

Njiani kuelekea nyumbani tairi likaingia shimoni, tukaanguka wote. Nilipokuwa nainyanyua nikasikia ndani ya betri kitu kinamwagika. Shaaa. Nikaiinamisha upande wa pili. Shaaa. Nikasimama pale kando ya barabara natikisa baiskeli na watu wanapita wananiangalia, wanadhani nimerukwa na akili.

Nyumbani nilitandika mkeka barazani, nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu zote. Juu kulikuwa na vijibetri vichache vimepangwa kwa adabu, vimefungwa nailoni ya bluu. Chini yake kuna kipande cha boksi. Nikakitoa kile kipande, na mchanga ukamwagika kwenye mkeka. Mchanga, jamani! Tena mchanga mzuri, umechekechwa, hauna hata jiwe. Mtu alikaa chini akachekecha mchanga kwa ajili yangu. Nilikaa kando ya ule mchanga nikalia kwa sauti, halafu nikanyamaza, na niliponyamaza nikawa mtu mwingine.

Nilimkuta kibandani anakunywa soda. Nikamwaga mchanga mbele yake mezani. Unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka mbele ya wateja wake, akanishika bega akasema, "Eh! Mama mtani, umegundua! Utani huo, mama. Mzaramo na Mnyamwezi tangu lini wakakasirikiana?" Na wale wateja wakacheka. Nikamburuza mpaka kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi. Kule nako akasimulia kwa madoido: huyu mama na baba yangu wanatukanana kila siku, mtaa mzima shahidi, na mie nimerithi utani. Mjumbe naye akacheka mpaka akafuta machozi. Akatuambia watani hawashtakiani, tukanywe chai tuyamalize. Hiyo ndiyo hukumu niliyopata.

Nilimchukia yule kijana. Sitaki kupaka rangi. Nilikuwa naamka na kulala naye kifuani. Nikikanda unga, namkanda yeye. Nilifikiria kumsomea halbadiri, shoga yangu akanikataza, akasema ile kitu ikikosa njia inarudi kwa aliyeituma. Nilifikiria kwenda kumwambia baba yake, lakini mzee alikuwa ameshaanza kuumwa, anapanda kitanda na kushuka kwa kushikwa. Nikienda kumwona ananitania kwa sauti ndogo, nami namtania, na jina la mwanawe silitaji. Nikawa nauza vitumbua hapo hapo barazani kwa watoto wa shule, kidogo kidogo, na baiskeli imelala ukutani na tundu lake wazi. Kijana akipita kuja kumwona baba yake ananipungia mkono. "Mama mtani!" Naye anapita juu ya baiskeli ya umeme kama ile ile ya kwangu, kampuni moja, tundu moja, ila yeye ameweka betri kubwa ya kweli. Mwinuko wa kwetu anaupanda huku amekaa kama mfalme.

Nilikuwa namwangalia mgongo nikisema moyoni: umesema utani, mwanangu? Haya. Utani una siku yake.

Mzee akafa. Tulipata habari alfajiri, ukuta kwa ukuta, kilio kilianzia chumbani kwao kikaishia kwangu. Nililia kweli, nililia kama nimefiwa na kaka. Na wakati nikiwa nalia, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikaanza kuhesabu kilicho mkononi mwangu. Kwa maana asiyejua ajue: mtani ana kazi msibani. Watu wakizidiwa na majonzi, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anadai alivyokuwa anadai, mpaka wafiwa wacheke. Na maiti haitoki uani mpaka mtani apewe anachotaka. Hapo hakuna kununa. Atakayemkasirikia mtani msibani, ukoo mzima utamshangaa.

Nilikwenda kwa mjane wa marehemu, dada yangu yule, amekaa chini kwenye godoro na kanga kichwani. Nikampa pole, nikamwomba nguo. Akajifuta uso kwa pembe ya kanga. Kisha akasema, "Koti lipo nyuma ya mlango. Na fimbo. Mtani, wachekeshe wanangu, wamelia mno."

Nikalivaa koti. Mzee alikuwa halivui hata jua la Dar lipasuke. Nikaweka miwani yake, nikachukua fimbo, nikapinda mgongo. Nikakohoa kile kikohozi chake cha kuomba nafasi ya kuongea, halafu nikatokeza uani. Yalaa! Watu walipiga yowe. Shangazi mmoja aliyekuwa hajainua uso tangu alfajiri alianguka kwa kicheko. Nikapita kwenye viti nikisalimia, "Nyie mmekuja kula tu, nawajua." Nikafika kwa mchungaji, nikamwuliza mbona mahubiri yake marefu hata kwa mtu aliyekwisha kufa. Mchungaji akacheka. Nikafika kwa mjumbe wetu, ndiye aliyekaa mbele kabisa. Nikamwambia, "Mjumbe, umekunywa chai?" Alicheka, ila kidogo.

Kisha jeneza likatolewa, wanaume wakalibeba begani kuelekea kwenye gari. Nikatandika kanga yangu kwenye geti la ua, nikakaa juu yake, nikaweka fimbo magotini.

"Sitoki," nikasema.

Watu wakacheka. Mmoja wa ndugu akanirushia noti, nikairudisha. Akaongeza, nikairudisha. "Nyie mnadhani njaa inaniuma? Maiti haina njaa. Nilikuwa na mtani wangu hapa ukutani, akinipa vitumbua kila jioni. Mtoto wangu akamuuzia betri. Mlikuwa mnajua? Akamwambia, pima uzito. Yule mjinga akapima, si mnawajua Wazaramo! Akalipa, akasema asante. Alipoifungua akakuta mchanga."

Kicheko kilianza, kikakatika katikati. Watu wakawa wanatazamana.

"Nataka kujua," nikasema kwa sauti ile ile ya kukwaruza, "nilimlea mwanangu nikamfundisha kuchekecha mchanga? Mkifika makaburini mtamrushia baba yenu nini? Mchanga upi umebaki, wakati mwanangu ameshauuza?"

Sasa nilikuwa namwona. Alikuwa ameshika jeneza upande wa kushoto, mbele, na jasho linamtoka. Alijaribu kucheka. Alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye kama siku ile kibandani, na hakumpata hata mmoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilisikia utamu ule kinywani, sitaki kudanganya. Nilitamani jua lisimame tukae pale mpaka jioni.

Lakini sikuwa nimemaliza. Mzee alikuwa na namna yake ya kumwita yule kijana. Hakuwa anamwita jina. Akimtaka, hata awe amekosea vipi, alikuwa anasema kwa upole, akivuta neno la mwisho, nasi ukutani tunamsikia kila siku. Nikakohoa. Nikanyoosha fimbo.

"Wewe wa kwangu," nikasema. "Njoo hapa."

Nadhani niliipatia sauti yake kupita kiasi, maana mjane aliinua mkono akajiziba mdomo. Kijana akaachia jeneza, mwenzake akalidaka. Akaja taratibu mpaka kwenye kanga. Nilidhani atanitukana, nilikuwa nimejiandaa na jibu. Akapiga magoti. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuwa ananitazama mie usoni, alikuwa anatazama koti.

"Baba," akasema, "nisamehe. Nisamehe, baba. Nilikuwa nataka kuja kukwambia."

Mie ndiye niliyekuwa nadai kuombwa ule msamaha. Miezi yote ile nilikuwa naungoja, na sasa anauomba kwa mwingine, na mwenyewe yuko ndani ya sanduku begani mwa watu. Nilimwona mtoto aliyefiwa, basi, hamna fundi tena pale. Mchungaji amesimama, mjumbe ameinama, mjane ananitazama mie kwa macho mekundu, wote wanangoja marehemu amjibu mwanawe. Na ningeweza. Neno lenyewe ni moja, na yule mzee angelitoa bila kufikiri, namjua.

Ila mzee alikuwa hapandi Chang'ombe alfajiri. Magoti yaliyokuwa yanasukuma ni yangu, na msamaha hauzungushi tairi. Nyuma ya kijana, kwenye uzio, niliiona baiskeli yake imeegeshwa, na ile betri nyeusi imekaa tunduni.

Nikamwekea mkono kichwani, kama baba yake alivyokuwa anamwekea.

"Nimekusikia, wewe wa kwangu," nikamwambia. "Kachomoe betri kwanza."